Mama Komanda na Kiapo cha Mama Yake

Kila Jumapili baada ya misa, Rosine Bosongo huvua sare yake ya unahodha, hujifunga liputa, kile kitenge cha kiunoni, huvaa kandambili na kuvuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kafi, kwenda ng'ambo Lubunga kula kwa mama yake. Ukimwona amekaa na kapu la mihogo magotini utadhani ni mchuuzi anayerudi sokoni. Kumbe huyo ndiye mkubwa wa wanamaji wanaolinda mto kutoka Kisangani hadi Isangi, na mabaharia wake humwita Mama Komanda. Hamfichi mtu. Ni kwamba mama yake, Mama Angélique, anaijua kazi ya binti yake vizuri sana ila hataki kuiona.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakati wa vita, mwaka wa elfu mbili, Mama Angélique alikuwa akitoka Yanonge na pirogi iliyojaa samaki wa kukaushwa. Watu wenye sare wakamsimamisha, wakachukua samaki, wakachukua na pirogi, wakamwachia kafi mkononi. Walikuwa wa jeshi gani, hakuuliza. Siku zile sare zilikuwa nyingi kuliko samaki. Alitembea siku mbili kurudi nyumbani, kafi begani.

Sasa fikiria mwanamke huyo, miaka mitatu baadaye, anamenya ndizi za lituma, zile za kuchemshwa na kupondwa, na binti yake wa pekee anamwambia amejiandikisha kuwa mwanamaji. Aliweka kisu chini.

"Miye, muguu yangu haitakanyaga mu kambi ya baaskari," alisema. "Hata siku moya."

Na kuhusu huo ukapiteni wanaomwahidi, akaongeza kwamba kwao kapiteni hupikwa akaliwa na lituma. Kisangani kapiteni ni samaki, mkubwa, mweupe, na mtamu, sitabisha.

Rosine alikwenda hivyo hivyo. Chuoni wavulana walimcheka, mpaka siku ya mtihani wa kuongoza mashua. Ramani ilisema mbele kuna kina. Rosine, aliyekulia ndani ya pirogi ya mama yake, alitazama jinsi maji yalivyokunjana akasema hapana, ni mchanga. Mwalimu aliiamini ramani, nao wakakaa juu ya mchanga hadi saa sita mchana wakipigwa na jua. Tangu hapo mwalimu akawa anamuuliza kwanza. Asijivune sana, lakini: walipompeleka ziwa Tanganyika, mawimbi yalimtapisha siku tatu mfululizo, akawa anaulilia mto kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Aliporudi Kisangani na galoni, zile alama za cheo, mabegani, alianza doria. Husimamisha mashua zilizojazwa kupita kiasi na kushusha abiria wa ziada. Wafanyabiashara humlaani, wanafika salama, wanaendelea kumlaani. Yeye hulala usingizi mzuri. Ana sheria moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha jeshi: hakuna baharia wake atakayegusa samaki wa mvuvi, awe ameomba au amepewa. Benoît, msaidizi wake mwenye mvi, aliwahi kupokea samaki wawili wa zawadi kule Isangi. Mama Komanda aligeuza mashua wakiwa wamekwisha kwenda mwendo wa saa mbili, wakarudi, na Benoît akamkabidhi mvuvi samaki wake kwa mikono yake mwenyewe. Siku tatu waliendelea kula maharagwe katikati ya mto uliojaa samaki, na uso wa Benoît ulisema mengi.

Cheo kilipanda, polepole, kama vyeo vya wanawake vinavyopanda. Kila kilipopanda, wenzake walimwagilia galoni kwa bia, kama ilivyo desturi, na mama za wenzake walikuja wakapiga vigelegele. Wa kwake alikuwa ng'ambo tu, dakika ishirini za kafi, na hakuja.

Mwaka huu wakamtangaza kapiteni wa meli kubwa, cheo ambacho kwa askari wa nchi kavu ni kanali kamili. Mama Angélique ana miaka sabini na saba. Rosine alijua kwamba galoni nyingine, zikija, huenda mama asizikute, na hilo lilimuuma. Jumapili iliyotangulia sherehe ya kuvishwa galoni alimwomba aje, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja. Mama alikusanya sahani, akazungumzia bei ya chumvi. Rosine alivuka mto akilia, na hakujali nani anamwona.

Sherehe ilifanyika asubuhi, kambini, kando ya maji. Galoni zilikwisha kuwekwa na kreti la bia limefunguliwa, Benoît alipomgusa kiwiko akamwonyesha mtoni. Pirogi ilikuwa inakuja moja kwa moja, na katikati yake amekaa bibi kizee, liputa ya sikukuu, kichwa juu. Mlinzi akapuliza filimbi. Pirogi haziruhusiwi pale. Rosine alimwambia anyamaze.

Pirogi ilisimama hatua kumi kutoka ukingoni.

"Nilisemaka muguu," Mama Angélique alisema. "Pirogi sikusema."

Basi Rosine akaingia mtoni na sare yake nyeupe, na viatu, mpaka maji yakamfika kiunoni. Mama yake akachukua kopo la kutolea maji ya pirogi, akachota, akammwagia bega la kulia, kisha la kushoto.

"Bia ni ya balevi," alisema. Halafu sauti yake ikashuka. "Rosine, miaka yote hii, kila muvuvi mwenye kutoka Isangi nilimuuliza: batu ya mutoto yangu banakunyanganyaka samaki? Nilikuwa nangojea moya tu aseme ndiyo. Hata moya hakusema."

Rosine alikuwa ameshika ukingo wa pirogi kwa mikono miwili.

"Bon. Nishike, nishuke."

Alimshika. Bibi alilalamika njia nzima kwamba maji ni ya baridi na kwamba jeshi zima limekosa ngazi. Alipokanyaga mchanga wa kambi alisimama, akaitazama miguu yake kwa kitambo, kisha akamuuliza Benoît watu wanaketi wapi hapa.