Kalavati la Afande Atoo

Afande Atoo alistaafu polisi miaka sita iliyopita, ila barua ya kustaafu haijaifikia sauti yake. Akiita kuku wake asubuhi, mimi mpangaji wake najikuta nimesimama wima kando ya kitanda. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye makutano ya Kampala akiwa na glavu nyeupe, akizuia malori kwa kiganja kimoja. Hadi leo bodaboda anayepita getini kwetu hupunguza mwendo, hata kama hamjui mwenye nyumba.

Ni Mwacholi wa Gulu, mjane wa askari. Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, hakina muda wa kukuuliza umeamkaje. Alizaliwa kambini, akaolewa kambini, akazalia kambini, na katika maisha hayo yote hakuwahi kufunga mlango akasema huu ni wangu. Ndiyo maana mafao yake yalipotoka hakununua gari wala duka. Alinunua kiwanja Kilima Raha, mtaa mpya kwenye mteremko chini ya Makindye. Kilima kipo. Raha bado tunaitafuta.

Kampuni iliyoukata mlima ule vipande sitini ilipewa masharti na halmashauri ya mji. Kabla ya kuuza awamu ya pili, iwatengenezee watu wa awamu ya kwanza barabara ya moramu, ule udongo mwekundu wa kushindilia, mitaro pande zote mbili, na makalavati ya kupitisha maji chini ya barabara kila mahali mtaro unapoivuka. Kazi ikiisha, mwenyekiti wa wakazi anasaini fomu kwamba ameiona. Mji unatoa cheti, barabara inakuwa ya mji, na kampuni inakunja virago. Mwenyekiti wetu ni Afande. Tulimchagua kwa kura zote, na nusu ya kura zile zilikuwa za woga.

Injinia wa kampuni aliitwa Okidi, naye hakuwa mgeni. Mama yake, Aber, alikuwa polisi pia. Nyumba zao kambini zilitenganishwa na ukuta mmoja, tena wa mabati. Aber akiwa zamu, Okidi alilala mgongoni kwa Atoo. Kambini mtoto hana mwenyewe. Anayemkuta analia ndiye mama yake siku hiyo.

Nikupe na desturi nyingine ya kambini, kwa sababu kisa chote kimekaa juu yake. Siku mkubwa anapokuja kukagua, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, miti inapakwa hadi kiunoni, na choo kibovu kinafungwa, mbele yake wanapangwa watoto waimbe. Mkubwa hupita, huona weupe, hupiga saluti, huondoka. Choo hubaki na ubovu wake. Msimamizi wa chokaa kwa miaka mingi alikuwa Atoo, na katika watoto aliowapa brashi, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote ni Okidi. Hayo alinisimulia mwenyewe huku akicheka, kabla mambo hayajageuka.

Ukaguzi wetu ulikuwa Januari, jua kali. Okidi alikuja na kofia ya plastiki na fomu kwenye ubao. Barabara ilikuwa nyekundu, laini kama imepigwa pasi, na kando yake mawe meupe yamejipanga hadi bondeni. Tulipofika juu ya nyumba ya jirani yetu Mwalimu Uthman, pale mtaro unapovuka chini ya barabara, Afande aliinama kwenye mdomo wa kalavati wa upande wa juu. Akaona bomba la duara, giza ndani. Akavuka, akainama upande wa chini. Bomba la duara, giza ndani.

"Muzuri," alisema. "Kazi iko safi."

Akasaini juu ya boneti ya pikapu. Okidi akampigia saluti, naye akamrudishia. Mimi niliyesomea ujenzi miaka miwili, kabla ya chuo na mimi kuachana kwa amani, nilikuwepo. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumshikia Afande mwavuli wa jua. Niliushika vizuri sana.

Mvua ilishuka katikati ya Machi, saa tisa alasiri. Mwalimu Uthman huuza vitambaa soko la Owino asubuhi, na alasiri hufundisha watoto Kurani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Babu zake walipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, na Kiswahili chake kimenyooka hadi sisi wengine tunaona haya kufungua mdomo. Siku hiyo alikuwa na watoto kumi na wanne. Maji yalishuka na mtaro, yakafika kalavati, yakakataliwa. Yakapanda juu ya barabara, yakavuka, yakaingia kwa Mwalimu bila hodi. Taqwa, binti yake, aliwatoa watoto dirishani mmoja mmoja, mimi nikiwapokea nje, matope magotini. Hakuna aliyeumia. Lakini ukuta wa chumba ulipasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kupitisha vidole vinne.

Asubuhi Afande aliteremka na gambuti zake za kazi.

"Nusu Injinia!" Hilo ndilo jina langu kwake. "Lete mti ya kuanika nguo."

Nikaleta ule mwanzi mrefu. Nikausukuma kwenye mdomo wa juu. Ulikwenda kiasi cha mkono na nusu, ukagota.

"Sukuma."

"Nasukuma, Afande. Ni udongo."

Tukavuka. Upande wa chini, mkono na nusu, udongo. Barabara ile ina upana wa mita sita. Walikuwa wamejenga midomo miwili mizuri ya mawe, kila mmoja na kipande cha bomba, na katikati udongo mtupu.

Mwalimu alisimama na kanzu ameipandisha kwa mkono. "Afande," akasema, "hili si kalavati. Hii ni picha ya kalavati."

Nilingoja Afande alipuke. Nilitaka kabisa alipuke, maana nilikuwa nimeandaa matusi ya kumwongezea. Hakulipuka. Alipangusa kidole kwenye jiwe jeupe, akautazama unga kwenye ncha ya kidole.

"Yule mtoto," alisema, "mimi ndiyo nilimufundisha kupaka."

Nilikwenda ofisi za mji kuuliza fomu imefika wapi. Karani akaniambia kikao cha cheti ni Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Cheti kikitoka, kampuni haidaiwi hata koleo, na kuichimba upya barabara ya mji kunangoja bajeti. Bajeti ya mji wetu unaijua: inafika wakati wajukuu zako wanatafuta nani alikuwa babu yao.

Niliporudi na habari, Mwalimu alikuwa ameanika misahafu juani, ukurasa kwa ukurasa.

"Sikuombi uaibike, Afande," alisema. "Sahihi ni yako na jina ni lako. Nataka kujua jambo moja tu, niwaambie wazazi watoto warudi Jumamosi, au wasirudi?"

Afande aliingiza vidole vinne kwenye ufa wa ukuta, akavitoa, akaenda kwake. Jioni hiyo kuku wake walikula bila kuitwa.

Jumatano Okidi alikuja, amebeba sukari na mkate kama mtu anayekwenda msibani. Nilikuwa uani nafua. Sikusogea, na hawakunifukuza.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia na nimeona. Kaa. Umekula?"

"Mama, sikuja kula."

"Nimekuuliza umekula?"

Akaketi. Akawekewa malakwang, ile mboga chachu ya Kiacholi iliyoungwa karanga, na viazi vitamu. Akala, kwa sababu kwa Afande Atoo kukataa chakula ni kosa la barabarani.

"Mabomba yalikuja, Mama," alisema akiangalia sahani. "Bosi akayapeleka awamu ya pili, wanunuzi walikuwa wanakuja kuona viwanja. Akaniambia funga midomo, tutarudi. Hatukurudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja kukagua." Akainua macho. "Kambini, Mama, kuna siku hata moja mlimwambia mkaguzi?"

Nikaacha kufua. Nilidhani sasa kofi litamshukia. Afande alichukua sahani, akamwongezea viazi.

"Ukiondoa sahihi yako, bosi atasema ni mimi," Okidi aliendelea. "Karatasi zote zina jina langu. Na Mama Aber kule Gulu unajua hali yake, sukari imemkalia miguuni, anayemtunza ni mimi. Ngoja tu cheti kitoke. Nitarudi mwenyewe nichimbe, Mama, kwa mikono yangu."

"Utachimba barabara ya mji na mikono?"

Okidi alisukuma sahani kando.

"Wale watoto walitoka dirishani, Okidi. Kumi na nne. Mvua bado iko, huu ni mwanzo." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Kesho nakwenda."

"Wewe ndiye ulinibeba mgongoni!"

"Ndiyo maana nimekulisha kwanza."

Aliondoka bila kuaga. Sukari na mkate vilibaki mezani, na hakuna aliyevigusa. Hata mimi, ambaye kwa kawaida sina heshima mbele ya mkate.

Alhamisi tulipanda boda mbili. Mimi nilikuwa na ule mwanzi, una alama ya matope pale ulipogotea, na askari wa mlangoni alikataa usiingie.

"Nyabo," alimwita kwa heshima ya Kiganda, "hii fimbo ya nini?"

"Hii ni shahidi," Afande akamwambia. "Fungua."

Akafungua.

Kikao kilikuwa na watu saba, chupa za maji, na wakili wa kampuni aliyenukia vizuri kuliko ofisi nzima. Afande hakukaa. Alisimama kama yupo makutanoni, ila mikono, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilikuwa haijui iwekwe wapi.

"Mimi ni koplo mstaafu Atoo, mwenyekiti wa Kilima Raha. Ile fomu yenu nilisaini kitu sikuona. Niliona mdomo mbili, nikasema kalavati iko. Haiko. Naondoa sahihi yangu. Andika hivyo."

Wakili akatabasamu. "Kwa hiyo mama, ofisa wa polisi mzima, ulitoa taarifa ya uongo kwa mji?"

Masikio yangu yaliwaka kwa niaba yake.

"Ndiyo," Afande akasema. "Mimi pamoja na nyinyi. Mimi nimekuja kusema. Nyinyi mtasema lini?"

Mwenyekiti wa kikao aliomba kuona mwanzi. Ulipitishwa mezani mkono kwa mkono, ukaangusha chupa mbili. Cheti kikazuiwa, na awamu ya pili ikasimamishwa hapo hapo.

Jioni hiyo hiyo Okidi alifukuzwa kazi. Bosi aliyeyahamisha mabomba alieleza kwamba kijana aliwadanganya wote. Afande aliposikia, aliandika barua kwa mji kusema alichoambiwa na Okidi mbele ya ile sahani ya malakwang. Wakamjibu kwamba barua imepokelewa. Okidi, watu wanasema, yuko Juba anatafuta kazi. Wengine wanasema yuko Gulu tu, hatoki ndani.

Kampuni ilirudi wiki mbili baadaye na injinia mwingine na tingatinga. Wakaipasua barabara. Afande alileta kiti cha plastiki, akakaa kwenye ukingo wa shimo siku tatu, jua na manyunyu, hadi bomba la mwisho likalala mbele ya macho yake. Walipofukia, injinia mpya akaleta fomu na kalamu.

"Ngoja kidogo," Afande akasema.

Akatandika gunia kwenye mtaro, akalala kifudifudi, mwanamke wa miaka sitini na moja, akaingiza kichwa kwenye bomba. Sisi tulisimama tunatazama gambuti zake.

"Mwalimu!" sauti ilitoka kwenye zege. "Uko upande ya chini?"

"Nipo, Afande."

"Naona kiatu yako."

"Nami nakuona uso."

Akatoka, akasaini. Hakuna aliyepiga saluti.

Ukuta wa Mwalimu bado una ufa. Kampuni inasema masharti yalitaja barabara, hayakutaja ukuta, kwa hiyo Mwalimu ameuegemeza na magogo mawili. Watoto waliorudi ni watano. Wazazi wa wale wengine wanasema wanangoja mvua moja kubwa ipite, waone.

Fomu ilipoondoka alibaki kibarua mmoja na ndoo ya chokaa, akaanza kupaka mawe.

"Wewe. Hapana."

"Injinia amesema, nyabo. Wageni wanakuja kesho."

"Waje waone mawe. Beba ndoo yako."

Alipokwenda, Afande alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, akatoa simu mfukoni, akaniomba nimtafutie jina la Aber, mama yake Okidi, kwa sababu miwani ilikuwa na matope. Nikampigia, nikamkabidhi. Iliita huko Gulu mpaka ikakatika. Akaitazama, akaipangusa kwa kitenge, akanirudishia.

"Piga tena," alisema.