Chafya Bandani kwa Opereta

Mtaani walimwita Opereta, ingawa swichibodi ya simu aliyoitumikia miaka ishirini na tisa ilishang'olewa zamani na kuuzwa chuma chakavu. Alipostaafu aliondoka kazini na vitu viwili: kiti cha kuzunguka, ambacho mgongo wake haukutaka kuachana nacho, na masikio. Masikio yale usiyafanyie mzaha. Mtu akipita nje ya ukuta, Opereta aliweza kukuambia ni nani, na kwamba soli ya kiatu chake cha kushoto imeachia.

Kuku alianza kuwafuga kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Mmoja akawa watatu, watatu wakawa kumi na watatu, mitetea watupu, katika banda alilolipigilia mwenyewe nyuma ya jiko kwa mbao za makreti na wavu. Kila asubuhi alikisukuma kiti chake hadi uani, akakaa na kikombe cha chai kuwasikiliza wakibishana, ametulia kama mtu anayesikiliza redio.

Jumapili moja mdogo wake, dereva wa lori la masafa marefu, akatokea na jogoo kwapani. Dereva huyu hakujua kurudi safari mikono mitupu. Mara tikiti maji, mara beseni, mara saa ya ukutani isiyotembea. Jogoo alimnunua sokoni njiani, baada ya kuvutiwa na mwendo wake wa kifua mbele.

"Dada, huyu si jogoo, ni mkurugenzi," alisema, na jina likamganda ndege wa watu.

Jua halijazama, Mkurugenzi alikuwa ameshaingia bandani na kunywa maji kwenye sufuria moja na wenyeji wake. Jumatano Opereta aliwatoa mitetea wawili, akampelekea jirani yake, fundi saa, mjane asiye na maneno mengi aliyekuwa akiwatamani siku nyingi bila kuthubutu kuomba. Wakabaki kumi na mmoja.

Alhamisi asubuhi, chai ikiwa bado inafuka moshi, akasikia chafya. Ilikuwa ndogo na kavu. Akatega sikio. Ya pili ikatoka pembe nyingine ya banda, ikifuatwa na mkoromo kama wa mtu anayevuta soda iliyobaki chini ya chupa. Akaweka kikombe chini na kuingia. Mtetea mweusi alikuwa amejikunyata, kamasi puani, jicho moja limevimba hata halifunguki. Alinuka vibaya mno.

Kwa ushauri hakuna aliyekosa cha kusema. Mpishi wa shule, aliyekuwa akipita, alimwambia aweke vitunguu saumu kwenye maji. Muuza magazeti akaapa kwamba dawa ni pilipili. Opereta akaweka vyote viwili. Kuku wakanywa, wakamtazama kwa jicho baya, wale walioweza kulifumbua. Kufikia Jumamosi saba walikuwa wanakoroma, yai halikuonekana hata moja, na mtetea mweusi alikuwa amekufa. Mkurugenzi peke yake alikuwa buheri wa afya, anawika kana kwamba analipwa kwa kila sauti.

Ndipo akamwita daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, binti mwembamba mwenye mabuti ya mpira, na kabla hajaukanyaga ua akayasugua mabuti hayo kwa brashi na maji yenye dawa. Opereta aliona hayo ni mbwembwe. Daktari akamshika kuku mmoja, akamkagua uso, akamnusa, akauliza kuhusu chanjo. Opereta akajitetea kwamba ya mdondo walipata wote, na kwa wakati.

"Ulifanya vizuri, mama, ila huu si mdondo. Haya ni mafua makali ya kuku. Kuna mgeni aliyeingia bandani karibuni?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Mkurugenzi aliwika mwenyewe. Daktari alieleza kwamba ndege aliyepona ugonjwa huu anaweza kuubeba siku zote bila kuonyesha dalili, na kuwaambukiza wengine kwa chafya, kamasi na maji ya kunywa. Opereta akatamka kwamba basi jogoo ataingia chunguni leo hii. Daktari akacheka. Haitasaidia, alisema, kwa kuwa watakaopona watakuwa kama yeye. Njia zilikuwa mbili: kuwaondoa wote na kuanza upya, au kuwatibu kisha kufunga geti, asiingie kuku wala kutoka, mpaka hawa wazeeke.

"Nitawatibu," Opereta akasema.

"Sawa. Na kuna aliyetoka?"

Hapo ulimi ulimsaliti. Alikumbuka uso wa fundi saa siku alipopokea wale mitetea, akaona aibu ya kwenda kumwambia amempa ugonjwa. Akajibu kwamba hakuna. Daktari akaacha dawa ya kuweka kwenye maji, akasisitiza kuwa mayai yasiliwe mpaka zipite siku alizoandika kwenye pakiti, akawasha pikipiki yake.

Uongo ule haukuishi hata siku mbili. Jumapili asubuhi Opereta alikuwa anasugua sufuria za maji uani, na kuku wake bandani walikuwa wametulia kidogo, mara chafya ikasikika upande wa pili wa ukuta. Wengine wangesema ni kitu kingine. Yeye hakuwa na pa kujifichia. Alimjua hata kuku aliyeipiga.

Akavua viatu vya bandani, akanawa mpaka kwenye viwiko, akabadilisha gauni, akaenda. Fundi saa alikuwa amekaa barazani, lenzi jichoni, tumbo la saa limefunuliwa mbele yake.

"Jirani, kuku wako wanapiga chafya."

"Nimewasikia. Nilidhani ni vumbi."

"Ni mafua, na yametoka kwangu. Daktari aliniuliza jana kama nimempa mtu kuku, nikasema hapana."

Fundi aliitoa lenzi, akaifuta taratibu. "Kwa nini?"

"Niliona haya."

Alilifunga tumbo la saa iliyokuwa mbele yake. Kisha fundi akauliza dawa inawekwa kiasi gani kwa lita. Opereta alimpigia daktari simu palepale, akaungama, akasikia pumzi ya kuchoka upande wa pili, halafu maelekezo. Aliporudi nyumbani akaketi kwenye kiti chake na kupigia nyumba zote tisa za mtaa zenye kuku, moja baada ya nyingine, akiwaambia kilichompata na kwamba wasilete sufuria, wasiazime jogoo, wasikanyage kwake na viatu vya bandani.

Simu ngumu ilikuwa ya mdogo wake. Dereva alikuwa ameshamwahidi mama mkwe mitetea wanne wa dada yake, na alisikika akinywea aliposikia kwamba zawadi yake ndiyo iliyoingiza ugonjwa.

"Dada, utaniaibisha kwa wakwe. Nipe hata wawili waliopona."

"Hao waliopona ndio wabaya. Mama mkwe wako ana kuku thelathini. Unataka nikuozeshe aibu kubwa zaidi?"

Alinuna wiki nzima, kisha akapiga simu kuuliza kama Mkurugenzi anakula vizuri.

Walikufa wawili jumla. Tisa waliobaki walipona polepole, wakaanza tena kutaga, na mayai ya siku za dawa Opereta aliyazika kwenye shimo kwa moyo mzito. Wa fundi walipona wote wawili. Kwa mwaka na miezi saba hakuna kuku aliyevuka geti lile akiwa hai, na wazee walipoacha kutaga, wakaishia jikoni mmoja mmoja, wa fundi vilevile, Mkurugenzi wa mwisho.

Opereta na fundi saa wakakubaliana kusafisha pamoja. Walichoma matandazo, wakasugua mbao kwa sabuni na dawa, wakaacha mabanda yote mawili wazi juani wiki sita. Ijumaa moja boksi la vifaranga ishirini waliochanjwa likafika, kumi wa huku na kumi wa kule. Fundi alikuja kuchukua wa kwake. Akasimama getini, akakunja suruali, akaanza kusugua viatu vyake kwenye beseni la dawa, kimoja kimoja, bila haraka, huku Opereta akimsubiri na boksi mikononi.