Nadia Alivyouonea Wivu Mto Dama

Nadia, mke wa Hamidou fundi wa mitumbwi, anakamua mawese nyuma ya ukuta wangu hapa Rumonge. Ana wivu tangu kuzaliwa, na mimi nilikuwepo. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, hakulia. Mkunga akageuka kumtazama mtoto wa kitanda cha pili, hapo ndipo Nadia akapaza sauti mpaka ndagala wakaruka kutoka ziwani wakaanguka uani. Tuliwakaanga. Asiyeamini awaulize wale ndagala.

Basi siku moja, wakiwa wanakula, Hamidou akamwambia kwamba ameingia kikundi cha kujitolea kusafisha mto Dama. Mto ulikuwa umezidi uchafu: mifuko ya plastiki, chupa, manyoya ya kuku, hata godoro zima. Kiboko mmoja alipanda kutoka ziwani, akafika darajani, akapiga chafya, akarudi zake. Nadia hakujali kiboko. Aliuliza tu kiongozi wa kikundi ni nani.

"Sheikha," akasema Hamidou.

Sheikha ni mjane aliyehamia kwetu kutoka Gitaza, alikokuwa anaanika ndagala. Mrefu, sauti ya chini, anavaa mabuti ya mpira kama mwanajeshi na bado anapendeza. Mimi mwenyewe nilimchukia wiki ya kwanza, na sina hata mume.

Kuanzia hapo Nadia akawa mchunguzi. Kwa nini mtu anayeenda kuzoa tope anakata kucha? Kwa nini anarudi anaimba? Na kila habari ya Hamidou ilianza na Sheikha: Sheikha amesema tupande mianzi kandokando, Sheikha amesema chupa ziwekwe peke yake. Siku aliyosema chumvi imepungua kidogo kwenye mboga, Nadia alimjibu aende akaombe ya Gitaza.

Akaja kwangu. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, na alikisema akiwa ameegemea ukuta, hanitazami usoni: kuletewa mke mwenzake ndani ya nyumba.

"Bibi, wewe umeona mengi. Mutu anaweza kupenda tope namna hii?"

Nikamwambia nilimjua mwanamume wa Bugarama aliyempenda ng'ombe wake hadi akamshonea kanzu ya Idi. Haikumsaidia.

Tukaenda kuangalia wenyewe, tukijifanya tunaokota kuni. Tulimkuta Sheikha amezama kwenye tope hadi mapajani, Hamidou anamvuta kwa mikono miwili, na wote wawili wanacheka. Nadia alizitupa kuni zake. Alirudi nyumbani akawasha moto chini ya pipa la ngazi, yale matunda ya mchikichi, na moshi wake siku ile ulionekana hadi ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Sasa, anayekamua mawese anabaki na maji meusi, mazito, yenye harufu inayokaa mdomoni. Siku zote Nadia alikuwa anayamwaga shimoni, nyuma ya migomba. Safari hii alichukua jembe akachimba mfereji kutoka uani kwake hadi Dama, juu kidogo ya mahali ambapo kikundi kilikuwa kinafanya kazi. Aliwaza hivi: mto ukinuka, mjane atachoka, atarudi kwao.

Mto ukanuka. Nyasi za ukingoni zikashika mafuta, mianzi michanga ikawa kama imepakwa masizi. Na Hamidou, aliyekuwa anaenda Jumamosi tu, akaanza kwenda kila siku baada ya sala ya alasiri. Nadia akazidisha kukamua, akaagiza ngazi hadi za Kizuka. Hamidou akazidisha kusafisha. Alirudi na suruali nyeusi, na mkewe akaifua, akisugua uchafu wa mkono wake mwenyewe huku akimlaani Sheikha kwa kila povu.

Kilichomvunja ni mbao. Asubuhi moja Hamidou alibeba mbao zake bora, zile za kutengenezea mitumbwi. Alipoulizwa za nini, akasema za kazi.

"Kitanda," Nadia akaniambia. "Anamutengenezea kitanda."

Akashuka mtoni na mwiko mkononi. Mimi nikafuata na fimbo yangu, na tulimpita mwenye pikipiki aliyekuwa na abiria wawili.

Kitanda hakikuwepo. Hamidou alikuwa ndani ya maji, anapigilia mbao kuziba mdomo wa ule mfereji. Sheikha alikuwa ukingoni peke yake, ameshika misumari.

"Hamidou, unafanya nini?"

Hakugeuka. Sheikha ndiye aliyejibu.

"Amahoro, dada. Iko mawese yako. Mimi niliufuata mfereji, ukaniishia uani kwako. Nilitaka kukupeleka kwa chefu wa zone. Huyu akaniomba ninyamaze, akasema atasafisha yeye, kila siku, mpaka uchoke."

Nadia akamtazama mumewe mgongoni. "Ulijua?"

"Nakula mawese yako tangu nikuoe," akasema Hamidou. "Nisijue harufu yake?"

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungesema Sheikha amenituma."

Hapo hata mimi niliitikia kwa kichwa. Nyundo ikagonga mara nyingine.

"Marehemu wangu hakunioshea hata sahani," Sheikha akasema taratibu, akimpa Hamidou msumari. "Nasimama hapa kila siku nakuonea wivu, wewe muke."

Katika maisha yake yote Nadia alikuwa hajawahi kuonewa wivu. Alibaki na mwiko wake mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni ambebe, hajui amshike vipi. Halafu akavua kandambili, akaingia majini, akasimama katikati, pale ambapo msumari hauwezi kutoka kwa Sheikha kwenda kwa Hamidou bila kupita mkononi mwake.

Maji meusi yamerudi shimoni. Kiboko naye amerudi, juzi ameniomba sabuni. Jumamosi Nadia anatangulia mtoni kabla ya wote. Anamsalimia Sheikha vizuri, anamletea ndizi za kuchemsha na mawese juu, na Sheikha anakula. Lakini Hamidou akikunja suruali kupita magoti, Nadia anaacha kazi.

"Shusha."

"Itaroana."

"Iroane. Nani anaifua?"