Mwanamke wa Kanga Mbichi Likunja

Cheka ukitaka, hata mimi ningecheka. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, na akili zangu zilikuwa timamu kama unavyonisikia sasa.

Kazi yangu ni kutunza panya wa maabara, Morogoro. Wataalamu huwatia ugonjwa unaofanana na multiple sclerosis, ule ambao kinga ya mwili inashambulia neva za binadamu, ili wajue unavyoharibu kumbukumbu. Panya anawekwa kwenye karo la maji atafute kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Mzima hukariri kilipo. Mgonjwa anazunguka tu ukutani. Mimi ndiye ninayemtoa.

Basi dada yangu Zuhura, aliyeolewa kijiji cha Likunja, Ruangwa, akaupata ugonjwa wenyewe. Miguu inatembea vizuri, akili ndiyo inachelewa. Ukimuuliza jambo anakutazama tu. Wakweze wakasema karogwa. Nikaomba likizo, nikaenda huko nimchukue nimrudishe kwetu Nachingwea. Nafika jioni, naambiwa katoka tangu mchana, hajarudi.

Nikaingia mikoroshoni kumtafuta, jua linazama. Ndipo nikamwona mwanamke, kanga inamchuruzika maji. Kiangazi kile, maji ya wapi? Alikuwa akizunguka mahali pamoja, kama anayepapasa ukuta.

"Shikamoo, mama. Hujamwona dada mmoja kapita hapa?"

"Natafuta pa kukanyaga," akasema. Kisha akanitazama. "Wewe si ndiye unayetutoa majini?"

Niamini, sikio lake lilikuwa na pengo, kama tunavyowakata panya wetu alama.

"Dada yako yupo kwenye kisima kile," akasema, akinyoosha mkono. "Usimwite. Akishtuka ataanguka."

Nilikimbia. Zuhura alikuwa amesimama ukingoni mwa kisima kilichoachwa bila kufunikwa, kanipa mgongo. Sikumwita. Nilinyata, nikamshika kiuno, nikamvuta.

"Nani kakuleta huku?"

Nikangoja. Nilingoja mpaka giza likaingia.

"Nilipotea," akasema mwishowe. "Mama mmoja akaniambia nisimame hapo hapo, utakuja."

Sasa niambie wewe: alimwokoa, au ndiye aliyemsimamisha pale?

Zuhura yupo kwetu, anatumia dawa. Mimi nimerudi kazini, ila kila ninapoingiza mkono kwenye karo, sijui namtoa nani.

Na wewe, ukiwa na ndugu anayechelewa kujibu, usikimbilie kusema karogwa. Mpeleke hospitali. Wala usimwache atembee peke yake jioni. Wapo wanaomwona kabla yako.