Mizani ya Kapuni, Vugiri

"Mama Yuditha, hivi uzito wako ulikwenda wapi siku ile?"

Jirani yangu Mwaija aliniuliza hivyo kisimani, mbele za watu. Wakacheka. Nikajaza mtungi wangu, nikajitwika.

Leo namjibu. Haukwenda popote.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, reli imeshapita Korogwe. Mume wangu Lukasi na mdogo wake Ernesti walikuwa wakishusha mizigo gengeni Vugiri kwa kapu lililoteremka likining'inia kwenye waya, breki ikilizuia kutoka juu. Homa ya siku tatu ikamwondoa Lukasi.

Kaburi halijakauka, Ernesti akasema nimemroga.

"Mchawi hana uzito," akawaambia wazee. "Mpimeni kapuni. Akithibitika aondoke, mtoto abaki kwetu."

Yuditha alikuwa na miaka minne. Sikuwa na mwingine.

Wakanifunga kamba kiunoni, wakanining'iniza kwenye mizani ya kahawa humo kapuni. Mzee Mhina akapanda nami kusoma mshale.

Ratli mia.

Ernesti, aliyebaki juu kwenye breki, akaiachia ghafla.

Kapu likadondoka. Kamba ikalegea.

"Sitini!" Mhina akapiga kelele. "Yesu wangu, sitini!"

Mimi nilikuwa nasali, lakini macho hayakutoka kwenye mshale. Kapu liliposhika mwendo mmoja, ukarudi mia. Breki ilipokaza kule chini, mia na arobaini, kamba ikanikata.

Nikaelewa. Uzito wangu ni uleule. Kapu likianza kudondoka linanikimbia, mizani haina cha kubeba. Likisimama, inanibeba mimi pamoja na mwendo wangu.

Ernesti alilijua hilo. Kila siku alishuka na kapu lile.

Tuliporudi juu kwenye banda la breki, nikasema, "Mzee Mhina, mshale ulishuka, kisha ukarudi. Hukuuona?"

"Niliuona, mama."

"Basi pimeni kingine."

Mlangoni palikuwa na gunia la kahawa. Nililiona. Kisha nikamwona Ernesti anavyotabasamu.

"Mpimeni yeye."

"Mimi?"

"Shemeji, unaogopa mizani?"

Watu wakaangua kicheko. Akapanda, Mhina naye. Breki nikaishika mwenyewe, Lukasi alinifundisha. Niliiachia kwa chuki yangu yote.

Ernesti alirudi amejitapikia. Mhina akasema mshale wake ulishuka chini kuliko wangu.

Nikamshukuru Mungu. Nikasubiri haki yangu.

Mhina akatikisa kichwa. "Kumbe mko wawili! Mama mchawi, baba mdogo mchawi. Mtoto hakai kwa yeyote kati yenu, atakaa kwangu."

"Mzee, pimeni gunia! Gunia nalo litapungua!"

"La nini tena? Tumeshaona."

Ndugu unayesoma, ukitafuta ukweli, usitafute na kisasi humohumo. Gunia halirogi mtu. Lingeniokoa, nami nililipita kwa sababu nilitaka kumwona Ernesti akining'inia.

Filomena, mke wa Mhina, akamweka Yuditha mgongoni. Mtoto akaniita. Filomena akakaza kaniki kifuani, akatoka naye bandani.