Ukurasa Uliokuja Uchi

Sogea unisikilize, wewe ambaye umewahi kubonyeza kitufe, mambo yakaharibika, ukajilaumu. Nitaeleza polepole, ingawa hasira bado ninayo.

Nina chumba cha intaneti hapa Kimanga. Mega, yaani data tunayonunua, ni ghali, kwa hiyo kati ya wateja na mtandao nimeweka chujio, programu huria inayokata matangazo na video kabla hazijatumaliza. Chujio hilo lina ghala. Kitu kisichobadilika mara kwa mara hukihifadhi humo, na mteja mwingine akikitaka, anapewa cha ghalani. Faili la mitindo ni kitu cha namna hiyo. Maneno na vitufe ndio mwili wa ukurasa. Faili la mitindo ndilo nguo zake: rangi, nafasi, kitufe gani kikae wapi. Usiogope, ni hayo tu.

Basi kurasa zikaanza kuja uchi. Si zote, wala si kila siku.

"Leo internet imekuya bila nguo!" mteja mmoja alipiga kelele. "Bamama, muangalie pembeni!"

Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka. Kisha nikawaandikia watengenezaji wa chujio, watu wa mbali ambao sijawahi kuwaona, nikaeleza kila nilichokiona. Mmoja alijibu: "Kwangu inafanya kazi. Halafu mitindo ni urembo tu." Akafunga mazungumzo.

Urembo tu.

Siku chache baadaye alikuja muuguzi mmoja kutoka Rurambo, juu milimani. Alikuwa ameteremka jana yake, akalala kwa dada yake, ili aombe nafasi ya masomo ya ukunga. Maombi kwenye tovuti ya chuo yangefungwa saa sita mchana. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, nami nikafanya tunavyofanya sote mji huu: nikachomoa modemu ukutani, nikaichomeka kwenye betri ya sola inayolisha kompyuta, kazi ikaendelea.

Ukurasa wa chuo ukamjia uchi. Vitufe viwili, cha kutuma na cha kufuta, vilikuwa vimelaliana. Alijaza kila kitu kwa uangalifu, akabonyeza, yote yakafutika. Akajaza tena. Yakafutika tena.

"Papa, iko kitu nimegusa?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Minye niko mujinga wa mashini, basi."

"Hapana, Mama. Haiko weye."

"Lakini bengine banaweza."

Mtu anayeshona kidonda kwa mwanga wa simu ananiambia yeye ni mjinga, kwa sababu ya kitufe! Damu ilinichemka. Nilimwambia aufungue ukurasa upya, ukaja vilevile. Nikaulaumu mtandao, nikaulaumu chuo. Kuzima chujio hakukunijia akilini, kwa kuwa kwetu chujio halizimwi. Ni kama kuacha bomba wazi wakati mtungi ni mmoja.

Saa sita ikapita. Ndipo kwa hasira nikalizima.

Ukurasa ukaja umevaa vizuri, kila kitufe mahali pake, na juu yake bango jekundu: maandikisho yamefungwa.

Muuguzi alilisoma, akafunga kitenge chake vizuri. "Aksanti, Papa. Umejikaza." Afadhali angenitukana.

Alipoondoka nilifungua ghala. Faili la mitindo la chuo lilikuwa limekatika katikati ya mstari. Umeme ulipokatika na modemu kuzimika, faili lilikuwa bado linaingia. Chujio likapokea nusu, likaiweka kama nzima, na tangu hapo likamgawia nusu hiyo kila aliyeomba. Kufungua upya kulileta nusu ileile. Kwao kule mbali laini haikatiki, ndiyo maana "kwangu inafanya kazi". Kwako inafanya kazi kwa sababu hujawahi kuishi kwangu!

Niliandika marekebisho mafupi: chujio lilinganishe urefu ulioahidiwa na urefu uliopokelewa, na kilichopungua kisiingie ghalani. Chini yake nikawaelekeza: chomoeni modemu ukurasa ukiwa unafunguka, muone wenyewe. Walichomoa. Wakaona. Wakayapokea marekebisho, wakaandika asante. Hakuna aliyeuliza kuhusu muuguzi, na mimi nilikuwa nimemtaja.

Sasa wewe. Ukurasa ukikujia uchi, usibonyeze kitufe chochote, wala usijiite mjinga. Mwombe mwenye chumba azime chujio mbele ya macho yako, kisha fungua ukurasa upya. Ukivaa, jaza na utume.