Pichi Aliyeamshwa kwa Moto wa Jiko

Saa tatu asubuhi, jua la Septemba, majira ya baridi yakielekea kuisha, linaanza kuyeyusha barafu kwenye nyasi za kusini mwa mji wa Malargüe. Zulema Forquera, mwenye miaka hamsini na minane, amelala kifudifudi, sikio kwenye shimo lisilozidi upana wa kiganja. Nyuma yake amesimama jirani yake, mfuga mbuzi Evaristo Guajardo, amevua kofia kama yuko msibani.

"Unasikia kitu?"

"Nakusikia wewe unavyohema. Hebu sogea huko."

Shimoni, kama hajafa, yumo Pancha. Ni pichi jike, mnyama mdogo wa jamii ya armadilo asiyefika kilo moja na nusu, mwenye gamba mgongoni na nywele ngumu tumboni. Gamba lake lina alama ya rangi ya kucha aliyopakwa na Zulema mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa miaka sita watafiti wamemlipa kuwafuatilia pichi: wanakula nini, wanalala wapi, wanazaa wangapi. Walimchagua kwa sababu alikuwa mwindaji hodari wa pichi; huku kwao mgeni wa heshima huchomewa pichi ndani ya gamba lake.

"Nimewala sana, siwezi kuficha, na utamu wao naujua," anasema. "Lakini jike anazaa mara moja kwa mwaka, mtoto mmoja au wawili. Sisi Jumapili moja tunakula sita. Hapo tutabaki na nini?"

Balaa lilianza Julai. Evaristo alikuwa anachimba shimo la nguzo ya zizi akamfukua Pancha, amejikunja, baridi kama jiwe. Zamani angemchoma. Safari hii, kwa kuwa maneno ya Zulema yalikuwa yamemwingia, alimfunga kwa sweta akamweka kando ya jiko.

"Nilimhurumia, dada," anajitetea hadi leo.

"Huruma yako nusura imuue!"

Pichi hulala majira yote ya baridi. Mwili wake hupoa hadi nyuzi kumi na nne, naye huishi kwa mafuta aliyojiwekea. Ukimpasha moto anaamka, anayamaliza mafuta, na nje hakuna mdudu wa kula. Zulema alimkuta Pancha akizurura jikoni, amepungua gramu themanini. Alimrudisha ardhini siku hiyohiyo na kumtandikia majani makavu.

Pichi kumi na mmoja wa eneo hilo wameshaamka. Pancha bado.

Mara mchanga unatikisika. Pua inachungulia, inarudi, inachungulia tena. Pancha anatoka, amekonda, rangi ya kucha imebanduka nusu. Hamtazami mtu. Anafukua sisimizi na kuanza kula.

Zulema anacheka huku machozi yakimtoka.

"Nimletee maziwa ya mbuzi?" Evaristo anauliza.

"We mzee! Umeshamsaidia vya kutosha!"

Anajipangusa mchanga, anafungua daftari na kuandika saa. Kwa wembamba ule, anasema, huenda Pancha asizae mwaka huu.

"Simdai mtoto. Nataka Mei nimwone anaingia kulala amenenepa, basi. Mwakani atazaa, na mwaka unaofuata atazaa tena, ilimradi tumwache alale."